Follis wa Shelby, 1904: muuza misumari anahesabiwaje mchezaji wa kulipwa?

MuuzaNondo_Majengo

Mbukwenyi wakuu.

Naomba wenye kujua historia ya michezo wanitoe tongotongo. Nauza kwenye hadiwea moja hapa Dodoma mjini, si mbali na soko la Majengo. Jioni nikishafunga huwa napita kijiwe cha kahawa kabla ya kupanda gari la Nkuhungu. Pale kuna fundi simu mmoja anayekesha kuangalia futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira uliochongoka pande mbili. Juzi akatuambia kwamba mtu mweusi wa kwanza kulipwa kucheza mchezo ule aliitwa Charles Follis, na kwamba siku za kazi alikuwa anauza dukani. Tena siyo duka la nguo. Duka la misumari, nyundo na bawaba! Kijiwe kizima kikanigeukia mimi.

Ubishi ukaanza hapo. Dereva bajaji mmoja akasema kama mtu anauza duka basi huyo ni mchezaji wa ridhaa, hata afunge namna gani. Fundi simu akasema hapana, mkataba ulikuwepo na gazeti liliuandika. Mzee wa kahawa akasema wote hawajui kitu, alipe kwanza anayedaiwa.

Mimi nimeshindwa kulala na hili jambo kwa sababu linanihusu. Nacheza beki ya kulia ligi ya wilaya. Bosi wangu ndiye anayenunua jezi za timu, na tusidanganyane, aliniajiri baada ya kuniona uwanjani. Wakati ule nilikuwa sijui hata nondo ya milimita 12 inatofautianaje na ya 16. Siku ya mechi natoka saa nane bila kuomba ruhusa. Sasa kuna timu ya huko barabara ya Morogoro imenifuata, wanasema nihamie kwao na watanipa kazi kwenye mashine ya kukamua alizeti. Nikauliza mkataba wa mchezaji uko wapi, wakacheka.

Kwa hiyo: huyu Follis alilipwa kweli, au duka ndiyo ilikuwa malipo? Na kwa nini anaitwa wa kwanza, wakati huyo fundi simu mwenyewe amekiri kwamba NFL, ligi kuu ya mchezo ule, ilikuwa haijaanzishwa?

Ndachi_Boy

Mkuu umepigwa kamba. Wa kwanza ni Fritz Pollard, timu ya Akron Pros, mwaka 1920, na mwaka huohuo wakachukua ubingwa. Mwaka 1921 akawa kocha palepale huku anacheza. Hayo yako wazi kabisa. Huyo Follis hata picha za timu yake ukiziona utadhani ni kwaya.

KahawaChungu

Nenda kwenye alizeti kijana. Mafuta hayajawahi kushuka bei 😂

Mzee wa Stoo

Mbukwa mjukuu wangu. Mimi nimestaafu, niko Chamwino na shamba langu la zabibu, na jioni nina nafasi ya kusoma.

Ndachi_Boy kwa upande wa Pollard yuko sahihi, ila amepanda gari kituo cha katikati. Pollard na Bobby Marshall ndio weusi wa kwanza kwenye ligi inayoitwa NFL leo, ambayo iliundwa Canton, jimbo la Ohio, Septemba 1920, kwenye duka la kuuzia magari. Lakini watu walikwishaanza kulipwa kwa mchezo ule miaka 28 nyuma. Novemba 1892 klabu ya Allegheny kule Pennsylvania ilimlipa William Heffelfinger dola 500 kwa mechi moja tu dhidi ya klabu ya Pittsburgh. Akaokota mpira uliomponyoka mpinzani, akakimbia nao hadi mwisho, mechi ikaisha 4-0. Klabu ikanyamaza kimya. Enzi zile kulipwa kwa mchezo kulikuwa aibu, muungwana alitakiwa acheze kwa mapenzi. Tunajua habari hiyo kwa sababu mhasibu wao aliandika ile dola 500 kwenye hesabu za klabu. Wahasibu hawana siri.

Sasa Follis. Alizaliwa tarehe 3 Februari 1879 Cloverdale, Virginia, na familia yake ikahamia Wooster, mji mdogo wa Ohio. Mwaka 1899 alishiriki kuanzisha timu ya kwanza ya futiboli ya shule ya sekondari ya Wooster, na wenzake, ambao walikuwa wazungu, wakamchagua kapteni. Fikiria hilo kidogo. Mwaka 1899, na wanaopiga kura ni watoto wa kizungu. Mwaka 1901 akajiunga na chuo cha Wooster. Chuoni akacheza besiboli, ila futiboli akaenda kuichezea klabu ya mji, timu ya ridhaa. Alikuwa na kama mita 1.83 na kilo 90 hivi, na kwa vijana wa wakati ule huo ni mwili wa kutisha. Alicheza hafubeki, yaani ndiye anayekabidhiwa mpira na kuambiwa apite penye watu. Wakambandika jina la Kimbunga Cheusi cha Wooster.

Mwaka 1902 Frank Schiffer, meneja wa klabu ya Shelby, akamtaka. Shelby nayo ni huko huko Ohio, mji uliojulikana kwa kiwanda cha mabomba ya chuma yasiyo na mshono. (Wewe unayauza, utaelewa kwa nini mji wa namna hiyo ulikuwa na fedha za kuendesha klabu.) Schiffer hakumwita Follis mikono mitupu. Alimtafutia kazi kwenye duka la vifaa la Howard Seltzer na wanawe, na saa za kazi zikapangwa ili apate muda wa mazoezi na mechi. Kwa hiyo mwaka ule, dereva bajaji wenu angeshinda ubishi: kazi ilikuwa ndiyo malipo.

Mchezo wenyewe, usiufananishe na unaoonekana kwenye simu ya huyo fundi. Pasi ya mbele ilikuwa marufuku mpaka 1906. Timu ilipewa nafasi tatu za kusogeza mpira yadi tano, ikishindwa inaunyang'anywa. Kuvuka mstari kulikuwa na pointi tano. Kofia aliyependa alivaa, asiyependa aliacha. Watu walijipanga, wakashikana, wakamsukuma mwenzao mwenye mpira kama gunia la mahindi mpaka litoke upande wa pili. Wachezaji walikufa uwanjani, na mwaka 1905 ilifika hadi Rais Roosevelt akawaita Ikulu wakuu wa michezo wa Harvard, Yale na Princeton kuwaambia mchezo urekebishwe. Ndani ya msukumano huo, mtu mmoja tu uwanjani ana rangi tofauti na wote. Hakuna ngumi inayopotea njia.

Turudi kwenye swali lako. Tarehe 16 Septemba 1904 gazeti la mji, Shelby Daily Globe, likaandika kwamba Follis amesaini mkataba wa kuichezea Shelby msimu ule. Hapo ndipo ubishi wenu unapoisha. Alikuwa palepale Shelby, duka lilelile. Kilichoongezeka ni karatasi, na karatasi yenyewe ikatangazwa mbele ya mji mzima. Allegheny walimficha Heffelfinger, mzungu aliyesoma Yale, Shelby wakamtangaza mweusi muuza duka. Mechi ya kwanza ya msimu wakaifunga Marion 29-0, na Follis akakimbia yadi 60 peke yake hadi mstarini.

Mimi nina ugonjwa wangu kwenye mada hii, bora niuseme. Mwanzoni mwa miaka ya themanini niliajiriwa na shirika moja la umma. Barua ya ajira ilisema karani wa stoo. Uwanjani nilikuwa senta hafu. Sijawahi kupokea senti iliyoandikwa "mpira" popote. Meneja alijua, mhasibu alijua, na mkaguzi wa hesabu aliyekuja kutoka Dar alijua, maana tulikaa naye jukwaani Jamhuri siku nisiyocheza. Ndivyo nchi ilivyocheza mpira, angalieni Reli ya Morogoro, angalieni Magereza. Vijana wa leo mnacheka mkisikia kulikuwa na beki aliyekuwa anapiga chapa barua. Nyumba alijenga.

Lakini kulikuwa na wengine, wale wa bahasha. Tajiri anakuja mazoezini, anachagua, ukifunga unapewa, usipofunga anakupita kama hakujui. Goti langu lilipokwenda, niliendelea kuhesabu katoni za sabuni stoo na mshahara ukatoka tarehe ileile. Goti la mwenzangu wa bahasha lilipokwenda, tajiri akabadilisha hata njia ya kupita. Kwa hiyo mnaposema "alilipwa au hakulipwa" mimi naona mnauliza nusu. Uliza pia alilipwa na nani siku ambayo hakuweza kukimbia.

Maana hata kwa Follis siku hiyo iliwadia. Alicheza Shelby mpaka 1906, na siku ya sikukuu ya Shukrani mwaka ule, Novemba, akaumia vibaya. Futiboli ikaishia hapo. Ikabaki besiboli. Alikuwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, akaichezea Cuban Giants, klabu ya weusi wa Marekani iliyokuwa maarufu tangu 1885. Ligi kubwa za besiboli zilikuwa za wazungu peke yao, mweusi alizunguka na timu kama hizo mji hadi mji, leo mnacheza, kesho mko kwenye treni. Tarehe 5 Aprili 1910 akafia Cleveland kwa nimonia. Miaka 31. Amezikwa Wooster.

MuuzaNondo_Majengo

Shikamoo mzee wangu. Leo nimesoma ujumbe wako kwa sauti pale kijiweni, dereva bajaji akanyamaza, na siyo kawaida yake.

Nina mawili zaidi ukiwa na nafasi. Kama gazeti liliandika 1904, ilikuwaje dunia nzima ikataja Pollard tu? Na fundi simu anadai Follis ndiye aliyefanya Jackie Robinson akaingizwa kwenye besiboli ya wazungu. Hapo mimi naona anatia chumvi, maana Robinson ni miaka ya arobaini na Follis alishakufa zamani.

Nesi_Ipagala

Samahani kuingilia mada ya wanaume, mimi mpira sijui ila hiyo nimonia naijua.

Watu wanashangaa mwanamichezo wa miaka 31, kilo 90, anakufaje kwa nimonia. Mwaka 1910 hakukuwa na dawa ya kuua vijidudu vyake. Penisilini Fleming aliigundua 1928, na wagonjwa wa kawaida walianza kuipata miaka ya arobaini. Kabla ya hapo mgonjwa alilazwa, akapewa maji, akafunikwa, na watu wakasubiri. Homa inapanda, pumzi inakuwa fupi, na baada ya wiki moja hivi ama homa inakatika ghafla, mtu anatoka jasho na kuomba chakula, ama ndiyo basi. Misuli haisaidii kitu. Hata sasa wodini naletewa vijana waliokomaa kwa kubeba zege, wamekaa na kikohozi nyumbani wanakunywa tangawizi kwa sababu "mimi mwanaume nina nguvu". Wanafika hawawezi kumaliza sentensi.

Mzee, shikamoo. Na wewe upepo wa Julai huko Chamwino uvae sweta.

Mzee wa Stoo

Marahaba wanangu. Sweta ninalo, nesi, asante.

Gazeti la mji mdogo lina kazi ya siku moja, kesho yake linafungia maandazi. Shelby haikuwahi kuingia NFL. Ligi ile ilipokua na kuanza kuandika historia yake, ilianza kuhesabu kutoka 1920 ilipozaliwa yenyewe, kama ukoo unavyoanzia kwa babu aliyejenga nyumba ya bati. Waliotangulia wakabaki kwenye magazeti makavu ya Ohio. Mwaka 1975 watafiti wawili, Milt Roberts na John Seaburn, ndio waliokaa chini wakafukua makaratasi ya Shelby na kuikuta ile habari ya Septemba 1904. Kwa hiyo kati ya kusaini kwake na kutambuliwa kwake imepita miaka 71. Mwaka 1998 sekondari ya Wooster, ile aliyokuwa kapteni wake, ikaupa uwanja wake jina la Follis.

Kuhusu Robinson, fundi simu ametia chumvi lakini mboga ipo. Kwenye kikosi kile cha Shelby alikuwepo mzungu mmoja, Branch Rickey, mwanafunzi wa chuo cha Ohio Wesleyan, anacheza ili apate ada. Alicheza na Follis, na msimu mwingine akacheza dhidi yake. Huyu Rickey ndiye aliyekuja kuwa bosi wa klabu ya besiboli ya Brooklyn Dodgers, akamsaini Jackie Robinson mwaka 1945 na kumwingiza ligi kuu Aprili 1947. Kwa hiyo aliona kwa macho, akiwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, mtu mweusi anavyotukanwa na kupigwa na kuendelea kucheza mpira safi.

Ila Rickey mwenyewe, alipoulizwa kwa nini alimchukua Robinson, alikuwa akisimulia habari ya mtu mwingine: Charles Thomas, mdakaji mweusi wa timu ya chuo aliyokuwa anaifundisha, aliyekataliwa chumba hotelini huko South Bend, Indiana. Kwa hiyo mimi simpi Follis sifa ambayo Rickey hakumpa. Naona inatosha kusema walivaa jezi moja. Watu wanapenda kumtafutia marehemu kazi kubwa aliyofanya bila kujijua, utafikiri aliyoyafanya akijua hayatoshi.

Na aliyoyafanya akijua ndiyo haya. Mwaka 1905 Shelby walikwenda Toledo. Watazamaji wakaanza kumtukana Follis kwa lile neno lao baya la weusi, na mnajua jukwaa likishapata wimbo haliachi. Kapteni wa Toledo, Jack Tattersoll, yaani mpinzani, akasimamisha mambo, akawageukia watu wake na kuwaomba wasimwite hivyo, kwamba huyu ni muungwana na anacheza kwa usafi. Jukwaa likampigia makofi, matusi yakakoma. Mimi hapo huwa namtazama Follis zaidi kuliko Tattersoll. Tattersoll alisema maneno mazuri dakika moja. Ili mpinzani afikie kuyasema, Follis alikwishakanyagwa vidole misimu kadhaa bila kurudisha, na angerudisha mara moja tu, hakuna kapteni ambaye angemsemea.

Kwenye stoo yetu alikuwepo kijana wa Kondoa, mshambuliaji, anapigwa viwiko mpaka anatapika na hasemi kitu. Sisi tulimwona mwoga. Mimi leo ninavyosoma habari za Follis nimeanza kumfikiria upya yule kijana, maana alikuwa na mama yake na wadogo zake wanamtegemea, na kadi nyekundu mbili zilitosha meneja kumrudisha kwao.

Haya, na wewe wa alizeti. Usiende kwa maneno. Timu ikikwambia itakupa kazi, barua ya ajira itoke kwenye mashine, iwe na mhuri, mshahara na michango ya NSSF, na isitaje mpira hata kidogo. Hiyo ndiyo itakayokulinda ukiumia. Halafu mkataba wa mchezaji uwe karatasi nyingine, na ndani yake iandikwe nani analipa hospitali. Wakikupa karatasi ya pili bila ya kwanza, utakuwa mchezaji wa kulipwa mpaka siku ya goti. Wakikupa ya kwanza bila ya pili, utakuwa kama mimi. Wakicheka tena, muulize bosi wako wa sasa kama anaweza kukupa ya kwanza, maana kwa maelezo yako sijasikia ukisema una barua hata hapo ulipo.

MuuzaNondo_Majengo

Mzee umenikamata. Barua sina. Niliambiwa tu njoo Jumatatu.

KahawaChungu

Kumbe wewe mwenyewe ni wa bahasha, na bahasha yenyewe ni nondo 😂😂 Lakini mzee kasema kweli. Kaka yangu aliumia mguu kwenye bonanza, timu ikamchangia crepe bandeji na soda.

Ndachi_Boy

Mzee nimekubali kupanda gari upya. Swali la mwisho: baada ya Follis mlango ulifunguka? Maana kama 1904 alikubalika, halafu 1920 Pollard yupo, nilidhani historia inapanda tu kwenda juu. Ila nimewahi kusikia Kenny Washington naye anaitwa wa kwanza, na huyo ni 1946. Wa kwanza wangapi?

Mzee wa Stoo

Swali zuri. Haikupanda, ilipanda na kushuka.

Baada ya Follis walikuja mmoja mmoja. Charles Baker, aliyeitwa Doc, akacheza Akron kuanzia 1906. Henry McDonald, mzaliwa wa Haiti, akawa Rochester kuanzia 1911. Gideon Smith akachezea Canton mechi moja mwaka 1915. Ukichunguza utaona kila timu ina mmoja, na akiondoka haletwi mwingine. Halafu ligi ikaundwa 1920, wakaingia Pollard na Marshall na wenzao wachache wa miaka ile. Msimu wa 1933 walikuwa wamebaki wawili ligi nzima, Joe Lillard wa Chicago Cardinals na Ray Kemp wa Pittsburgh. Mwaka uliofuata hawakuwepo, na hakuna mweusi aliyecheza NFL kuanzia 1934 mpaka 1945. Hapakuwa na tangazo wala kanuni iliyoandikwa. Wenye timu hawakusajili tu. Ndiyo maana nawaambia mambo ya karatasi: kufungua mlango Shelby walitumia karatasi na gazeti, kuufunga hawakuhitaji hata wino.

Mlango uliofunguka 1946 ulifunguliwa na uwanja. Timu ya Rams ilihama kutoka Cleveland kwenda Los Angeles, wakataka kuchezea Coliseum, ambao ni uwanja wa umma. Waandishi wa magazeti ya weusi wakasimama na kusema uwanja uliojengwa kwa kodi za watu wote hauwezi kupewa timu inayobagua. Rams wakamsaini Kenny Washington mwezi Machi, kisha Woody Strode. Washington alikuwa nyota wa chuo kikuu hapohapo Los Angeles tangu 1939, na alipoingia magoti yake yalikwishapasuliwa. Walimpa nafasi wakati ubora wake umeshapita, kisha watu wakakaa jukwaani wakisema mbona hakimbii kama zamani. Mwaka huohuo Cleveland Browns, kwenye ligi nyingine iliyokuwa inashindana na NFL, wakawachukua Marion Motley na Bill Willis. Hao walikuwa na magoti yao mazima, na waliwaonyesha.

Kwa hiyo Follis ni wa kwanza kulipwa kwa mkataba, Pollard na Marshall ni wa kwanza ndani ya ligi, Washington ni wa kwanza baada ya kufungiwa. Wote watatu ni sahihi, mpe kila mtu mwaka wake.

Timu ya mwisho kukubali ilikuwa ya mji mkuu wenyewe, Washington. Mwenye timu, George Preston Marshall, alikataa mpaka serikali ya Kennedy ikamwambia uwanja mpya uko kwenye ardhi ya serikali, asajili weusi au atafute pa kuchezea. Akamchukua Bobby Mitchell, aliyeanza kuichezea msimu wa 1962. Wakati huo Tanganyika ilikuwa nchi huru tangu Desemba ya mwaka uliotangulia, na mimi nilikuwa nachunga mbuzi wa baba Chamwino bila habari yoyote.